Alhamisi Isiyoandikwa

Mwanafunzi akishatoka mlangoni, kabla hata kiti hakijapoa, Lois Terpstra aligeukia kompyuta yake na kuandika yote waliyozungumza: ni nani aliyekuja, alitaka nini, aliambiwa nini, na kwa kanuni ipi. Simu ikiita, aliiacha iite mpaka ichoke. Mtu akibisha hodi, alingoja. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na sita katika ofisi ya ushauri wa masomo ya uzamili, kwenye chuo kikuu kimoja magharibi ya jimbo la Iowa, na wenzake walimtania kwa desturi hiyo mpaka utani wenyewe ukaisha ladha.

"Huyu siku akifa," Duane Pospisil, mkuu wa ofisi, alipenda kusema, "atawaambia malaika wasubiri kidogo, anaandika maelezo ya kikao."

Lois hakucheka, wala hakuudhika. Aliweka nukta mwisho wa sentensi, ndipo akainua kichwa. "Nao watasubiri," alijibu.

Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, binti wa tatu wa mzee Wynia, mtu aliyejua jina la kila ng'ombe wake na asiyemwamini yeyote anayesema "kama ng'ombe ishirini hivi." Kwa mzee huyo walikuwa kumi na tisa au walikuwa ishirini. Lois alikuwa wa kwanza katika nyumba yao kumaliza chuo. Alifundisha hisabati miaka kadhaa, akaolewa na Harlan Terpstra, na kwa ndoa hiyo akaingia katika jina ambalo mjini pale lilikuwa kama mlango ambao hakuna anayejaribu kitasa chake. Watu walijua tu kwamba umefungwa vizuri. Baba yake Harlan alikuwa mzee wa kanisa, na babu yake kabla ya hapo. Dada yake, Wilma, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha nusu ya mji kusoma. Harlan mwenyewe alikuwa msajili wa chuo kwa miaka ishirini na minane, na kanuni nyingi zilizomo katika kitabu cha mwongozo wa masomo zilitoka kwenye kalamu yake. Alipostaafu, chuo kilikipa chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili jina lake na kutundika picha yake ukutani. Harlan aliitazama mara moja tu. "Tai imekaa upande," alisema, na hakurudi tena kuiangalia.

Hawakujaliwa watoto. Walikuwa na nyumba nadhifu, kazi zao, na wifi Wilma upande wa pili wa barabara.

Chuo kilipoanzisha cheti cha uzamili cha usalama wa taarifa, hakuna mshauri aliyewataka wanafunzi wake. Hawa hawakuwa vijana wa bwenini. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao: polisi wa wilaya, mtunza kompyuta wa hospitali, karani wa benki. Walikuja saa ya chakula cha mchana, vitambulisho vya kazini vikining'inia shingoni, wakaongea haraka huku wakitazama saa. Cheti kilihitaji kozi nne tu, lakini kozi zenyewe zilibadilika kila mara, kwa sababu wezi wa mitandaoni nao hawakai kitako. Lois aliwachukua wote. Na kwa kuwa hakuweza kumshauri mtu juu ya jambo asilolijua, akiwa na miaka hamsini na mmoja alijiandikisha katika kozi ya kwanza, akakaa kiti cha nyuma na daftari lake miongoni mwa watu ambao angeweza kuwazaa.

Mengi hayakumkaa. Moja lilimkaa. Mwalimu aliwaonyesha kwamba kila kumbukumbu ndani ya kompyuta ina tarehe mbili: ile anayoiandika mtu, na ile inayoandikwa na mashine yenyewe, kimyakimya, bila kumwuliza mtu. Ya kwanza unaweza kuweka utakayo. Ya pili inangoja siku ya kuulizwa.

Jioni ile, wakila, alimweleza mumewe. Harlan hakuwa mtu wa maneno. Aliweka uma chini akafikiri. "Mashine yenye dhamiri," alisema. "Afadhali."

Harlan alifariki asubuhi moja ya Januari, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari la mkewe ili atakapotoka alikute tayari. Alizikwa Jumatatu. Watu walijaa katika ukumbi wa chini wa kanisa, wakala mikate midogo ya nyama ya nguruwe na kunywa kahawa, wakasema maneno machache kama ilivyo kawaida yao, wakaosha vyombo, wakaondoka. Alhamisi, Lois alikuwa kwenye meza yake ya kazi, amevaa gauni jeusi alilolivaa makaburini.

Duane alisimama mlangoni akiwa hajui aweke wapi mikono yake. "Lois, una ruhusa ya wiki mbili. Hakuna anayekudai."

"Nyumbani nifanye nini, Duane? Niangalie viatu vyake?"

"Hata wiki moja."

"Muhula umeanza. Wana siku nane tu za kujiandikisha."

Ilikuwa huzuni, lakini ndani yake mlikuwa na majivuno, na baadaye Lois mwenyewe alikiri hivyo. Akina Terpstra hawakuwahi kuiacha kazi ilale. Mji wote ulijua amezika Jumatatu, na alitaka mji huohuo ujue kwamba Alhamisi yuko mezani.

Siku ile waliingia wanafunzi watano. Wa nne alikuwa Renae Bouska.

*

Ukapita mwaka. Theluji ikaja nyingine, na katikati ya Februari fomu ya ombi la kusamehewa kanuni ikafika mezani kwa Lois. Juu iliandikwa jina la Renae Bouska.

Lois alimfahamu vizuri. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzito wa maneno, aliyefanya kazi katika ushirika wa umeme wa vijijini. Alianza kwa kupokea simu za wakulima ambao nyaya zao zimeangushwa na upepo. Kisha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezielewa kompyuta za pale, ndiye akawa mlinzi wake. Alimaliza kozi mbili za cheti, baba yake akapatwa na kiharusi, akaacha masomo miaka miwili kumuuguza mpaka alipomzika. Akarudi Januari ile aliyozikwa Harlan. Muhula ule alisoma kozi ya tatu, na vuli iliyofuata ya nne. Akaomba cheti.

Hakupewa. Katika ile miaka miwili aliyokuwa kando ya kitanda cha baba yake, mwongozo ulibadilishwa, na kozi ya sheria na sera za usalama ikawa ya lazima. Renae hakuisoma. Kozi hiyo hufundishwa vuli tu. Ilikuwepo vuli ileile aliyochukua kozi yake ya nne, katika jengo lilelile, mlango wa pili. Sasa angengoja mpaka Agosti kuianza na Desemba kuimaliza.

Na hakuwa na muda huo. Majira ya baridi yaliyotangulia, wezi walifunga kompyuta za ushirika jirani katikati ya dhoruba ya barafu, na nyumba za vijiji vitatu zilikaa bila umeme wala joto kwa siku mbili. Wakurugenzi wa ushirika wa Renae waliogopa. Waliunda nafasi ya mkuu wa ulinzi wa mifumo, wakaweka sharti la cheti, na mwisho wa kukionyesha ukawa tarehe mosi Juni. Walimtaka Renae. Lakini asipokuwa nacho wangemleta mtu kutoka jiji la Omaha, na Renae angerudi kwenye simu. Hayo yote aliyaeleza katika fomu kwa sentensi nne, bila kulalamika.

Lois alisoma fomu ile amesimama, kisha akakaa.

Kulikuwa na kanuni, naye aliijua kama anavyojua njia ya kutoka jikoni kwenda chumbani. Mwanafunzi akiacha masomo zaidi ya mwaka mmoja, anaporudi anafuata mwongozo mpya, isipokuwa ameomba kwa maandishi, ndani ya muhula wa kwanza wa kurudi, abaki kwenye ule wa zamani. Ombi hilo ni la ukurasa mmoja na halijawahi kukataliwa. Mshauri ndiye anayemkumbusha mwanafunzi alijaze. Kanuni hiyo ilitungwa na Harlan.

Ukurasa wa pili wa fomu uliuliza: Je, ulipewa ushauri usio sahihi? Renae alitia alama kwenye Hapana. Chini yake aliandika kwa mkono: Sikusoma mwongozo ipasavyo. Kosa ni langu.

Ukurasa wa tatu ulikuwa mtupu. Ulikuwa wa mshauri.

Lois alifungua kumbukumbu za Renae. Vikao kumi na kimoja kwa jumla. Kumi vilikuwa na maelezo, kila kimoja aya mbili au tatu, tarehe, saa, kanuni. Kikao cha Alhamisi ile kilikuwepo kwenye ratiba: saa saba na nusu mchana, dakika ishirini. Maelezo hayakuwepo. Akafungua ya wanafunzi wengine wanne wa siku ile. Wote walikuwa na maelezo. Ya mmoja wao yalikuwa ya mstari mmoja tu, lakini yalikuwepo. Katika miaka ishirini na sita, ukurasa mweupe ulikuwa mmoja, na ulikuwa huo.

Hakukumbuka mengi ya siku ile, ila akijilazimisha alikumbuka mikono ya Renae ikiwa imeshika kofia ya sufu, na sauti yake mwenyewe, kavu, ikisema: "Zinahesabika zote. Umebakiza mbili, uchague unazotaka. Hakuna cha kujaza." Alikumbuka pia kwamba Renae alipotoka alitazama dirishani, na nje kulikuwa na mtu anakwangua kioo cha gari.

*

"Andika kwamba unamuunga mkono," Duane alisema. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wanafunzi, goti juu ya goti. "Jina lako lina uzito. Watamhurumia."

"Kamati ya uzamili imewahi kumhurumia nani?"

Duane alikuna kidevu. "Tangu nianze hapa? Wawili. Na wote wawili mshauri alikuwa amekosea na ikaandikwa."

"Basi."

"Basi nini?" Alimtazama, akaanza kuelewa, akashusha goti. "Lois. Yeye mwenyewe ameandika hapana."

"Nimeona."

"Hakuna maelezo yoyote. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua mlizungumza nini."

"Wapo wawili wanaojua," alisema Lois. "Mmoja ameshaandika asichokiamini."

Alimpigia Renae simu, naye akaja kesho yake saa ya chakula, na theluji mabegani. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Bi Terpstra, samahani kukusumbua na mambo haya. Ningesoma ule mwongozo."

"Kwa nini uliandika hapana?"

Renae alitazama kofia yake. "Wapi?"

"Unajua wapi."

"Sikuona haja."

"Fomu haikuuliza haja. Iliuliza kama ulishauriwa vibaya."

Renae aliigeuza kofia mara mbili. Huko kwao mtu hamwambii mwenzake usoni kwamba amekosea, hata kama kosa limemwangukia mguuni. Atasema labda mimi sikuelewa, atavaa koti lake, ataondoka akichechemea. Wamelelewa hivyo, na wanauita uungwana.

"Ulikuwa na gauni jeusi," Renae alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa mazishini Jumatatu. Nilisimama nyuma. Mume wako ndiye aliyenisajili nilipokuja hapa mara ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na minane. Niliosha vikombe kule chini na mama mmoja mwenye kofia ya kijani. Sasa Alhamisi nakuja, nakukuta hapa mezani. Nikasema moyoni, mimi nisingeweza. Baba yangu alipokufa nilikaa kitandani siku sita." Aliinua macho. "Nitaandikaje kwamba siku ile ulikosea?"

"Kwa kalamu hiyohiyo uliyoandikia uongo."

Renae karibu acheke. "Wewe ni mkali, Bi Lois."

"Wanakufundisha nini kwenye kozi zile? Kumbukumbu ikiharibika, unafanya nini?"

"Unaripoti," Renae alisema kwa sauti ndogo. "Siku ileile."

"Na ukichelewa?"

"Unaripoti pamoja na kuchelewa kwako."

"Basi rudi kazini. Usiguse fomu yako. Ukurasa wa tatu ni wangu."

*

Jumapili, baada ya ibada, alimweleza Wilma. Hakutaka asikie kwa watu. Walikuwa jikoni kwa Wilma, supu ya njegere ikichemka, soseji zimekatwa ubaoni. Wilma alikuwa na miaka sabini na minne, mgongo umenyooka kama rula yake ya zamani. Tangu Harlan alipoondoka yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa jina lile, na alilitunza kama alivyoitunza sebule yake, bila vumbi.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka kutoka kwenye jiko.

"Kamati hiyo inakaa wapi?" aliuliza.

"Unajua inakokaa, wifi."

"Nataka nikusikie ukisema."

"Chumba cha Harlan."

"Kwa hiyo utasimama chini ya picha ya kaka yangu, useme umevunja kanuni aliyoiandika yeye."

"Nitakaa. Huwa hatusimami."

Wilma aliweka mwiko chini. "Usinifanyie mzaha jikoni kwangu. Miaka mia na ishirini tuko mji huu, Lois. Hakuna karatasi hata moja, ya kanisa, ya shule, ya mahakama, yenye jina letu na neno kosa pamoja. Hata moja. Na mwanamke mwenyewe hajakulaumu. Wewe ni nani wa kumsahihisha?"

"Mshauri wake."

"Ulikuwa umefiwa. Kila mtu atasamehe."

"Hawawezi kusamehe wasichokijua. Na wakati huo Renae anarudi kwenye simu." Lois alipanga vijiko mezani. "Jina hilo ni safi, wifi. Lakini nikikaa kimya, ni yeye atakayelipigia deki."

Walikula supu. Wilma alipomaliza alichukua bakuli la Lois likiwa bado na vijiko vitatu ndani yake, akalimwaga.

*

Kamati ilikutana siku ya pili ya Machi. Walikuwa watano, na mwenyekiti alikuwa Profesa Ingrid Mathiesen, mwanamke mwenye sauti ya upole ambayo haikuwahi kumdanganya mtu. Picha ya Harlan ilikuwa nyuma yake, tai imekaa upande. Lois alichagua kiti kinachoitazama.

Ukurasa wa tatu ulisomwa kwa sauti. Ulikuwa na mistari tisa.

"Bi Terpstra," Profesa Mathiesen alisema, "mwanafunzi anasema hakushauriwa vibaya. Wewe unasema alishauriwa vibaya. Kwa kawaida huwa tunapata kinyume chake."

"Najua."

"Kuna kumbukumbu ya kikao hicho?"

"Hakuna. Hilo ni kosa la pili. La kwanza limemwumiza mwanafunzi, la pili lingemnyima njia ya kuonyesha kwamba ameumizwa."

Profesa mmoja wa hisabati, aliyewahi kula nyumbani kwao, alikohoa. "Tuandike kwenye muhtasari kwamba Lois alikuwa kwenye msiba. Ni ukweli, na ni haki yake."

"Nashukuru, Leland," alisema Lois. "Lakini msiba haukumwambia Renae hakuna cha kujaza. Nilimwambia mimi. Niliambiwa nikae nyumbani wiki mbili, nikakataa kwa sababu nilitaka nionekane. Mkiandika kitu, andikeni kwamba nilirudi kazini kabla sijawa tayari, kwa hiari yangu."

Hakuna aliyemwangalia. Walitazama karatasi zao, na mmoja akatazama picha ukutani, kisha akaondoa macho haraka.

Walimwomba asubiri nje. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba magotini, dakika arobaini. Alisikia sauti zikipanda na kushuka. Wanafunzi walipita, wakamsalimia, akawaitikia. Mara moja alifikiri kwamba huenda wakakataa hata hivyo: kwamba atakuwa amelitia jina doa na Renae asipate kitu. Wazo hilo lilikaa naye pale benchini na hakulifukuza. Alichoandika kingebaki kuwa kweli, alijiambia, na hakupata faraja yoyote kwa kujiambia hivyo.

Duane ndiye aliyetoka kumwita. Alikuwa ameingia kama mkuu wa ofisi, bila kura.

Ombi lilikubaliwa, kura tatu kwa mbili. Renae angehesabiwa chini ya mwongozo wa zamani, na cheti kingetoka na mahafali ya Mei. Maelezo ya mshauri yangebaki kwenye faili kama yalivyo. Na kwa mwaka mmoja, kila mpango wa masomo ambao Lois Terpstra angetia sahihi ungehitaji sahihi ya pili, ya mkuu wa ofisi, kabla ya kuwa halali.

"Una la kusema?" Profesa Mathiesen aliuliza.

"Ni sawa," Lois alisema. "Anaanza lini kusaini?"

"Kesho."

"Basi nimwachie nafasi mezani."

Alirudi ofisini, akafungua ule ukurasa mweupe. Sehemu ya tarehe ilimngoja aweke atakayo. Aliandika tarehe ya siku hiyohiyo, ya pili Machi, na chini yake:

Maelezo ya kikao cha Januari mwaka jana, Alhamisi, saa saba na nusu mchana. Yanaandikwa kwa kuchelewa mwaka mmoja na zaidi. Mwanafunzi aliuliza kama kozi zake za zamani bado zinahesabika. Nilimwambia zinahesabika zote na hakuna ombi la kujaza. Si kweli. Mwanafunzi alifuata alichoambiwa. Lois Terpstra.

Akaweka nukta. Ndipo akavua miwani.

*

Kanisani kwao kulikuwa na desturi ya zamani: mchungaji akishafungua mahubiri, pipi za mnanaa hutoka mikobani na kupitishwa kimya kwenye mabenchi, mkono kwa mkono. Wilma alikuwa akimpitishia Lois pipi tangu Jumapili ya kwanza alipoketi benchi lile akiwa bibi harusi mpya. Miaka thelathini na minne hakukosa.

Jumapili baada ya kamati hakumpitishia. Alitoa moja, akala mwenyewe, akafunga mkoba. Ndivyo ikawa Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Waliendelea kukaa pamoja, kwani kuhama benchi kungekuwa kuwatangazia watu. Lois alisikiliza mahubiri na mdomo mkavu na hakununua pipi zake mwenyewe.

Muhtasari wa kamati ulikuwa wa wazi kwa yeyote, na mji ule ulisoma. Watu hawakusema neno. Walimshika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Ofisini, kila alasiri, Duane alikuja na kalamu yake, akasoma kila mpango mstari kwa mstari, kwa sababu Lois alimkataza kusaini bila kusoma. Mwezi Aprili alikuta kozi moja imewekwa muhula usio wake. Alimwonyesha kwa kidole, akiona haya. Lois aliirekebisha, akaandika katika maelezo nani aliyeiona.

Mahafali ya Mei yalipita. Renae hakuja jukwaani, alikuwa zamu. Alikuja ofisini wiki iliyofuata, saa ya chakula, na kitambulisho kipya shingoni. Hakusema mengi. Aliweka juu ya meza sanduku la keki zile za herufi S zenye lozi ndani, zile watu wa pale hula Desemba tu.

"Mwenye duka alinishangaa," alisema. "Nikamwambia nimechelewa."

Jumapili ya kwanza ya Juni, baada ya ibada, watu walikuwa wamesimama na vikombe vyao vya kahawa. Merle Kooiman, muuza matrekta, mtu ambaye hakuweza kuacha neno lililomjia kinywani, alimkaribia Lois akitabasamu.

"Nasikia siku hizi huko chuoni kwenu karatasi ya Terpstra haitoki mpaka isainiwe na watu wawili."

Lois alifungua mdomo kusema ndiyo. Wilma, aliyekuwa hatua mbili nyuma yake, alitangulia.

"Ni kweli, Merle. Sahihi mbili," alisema kwa sauti yake ya darasani, na vikombe vya karibu vikatulia. "Na ya kwanza ni ya Terpstra. Yako wewe, kwenye hesabu za ujenzi wa paa hili la kanisa, tumeingoja tangu vuli."

Merle alikumbuka kwamba mkewe anamsubiri. Wilma hakumtazama Lois. Aliokota kitambaa cha meza kilichoanguka, akakikunja mara nne. "Kahawa yako inapoa," alisema, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata mchungaji alifungua kitabu, akasoma andiko, akakohoa. Mikoba ikafunguliwa huku na huku. Lois alikuwa akitazama mbele. Alihisi kitu kidogo, kigumu, kikiwekwa katika kiganja chake, na vidole vya wifi yake vikakaa pale kidogo kabla ya kuondoka.